Kiharusi cha mtoto baada ya mafua

Nafanya kazi ya fiziotherapia ya watoto hapa Dar es Salaam. Wengi wa watoto ninaowapokea wana mtindio wa ubongo, na kisa chao huanzia kwenye ujauzito au siku ya kuzaliwa. Mara chache huletwa mtoto wa namna nyingine kabisa: alizaliwa salama, akatembea kwa wakati wake, akaanza chekechea, akawa mwepesi wa kukimbilia gololi kuliko wenzake, kisha siku moja mkono na mguu wa upande mmoja vikalegea ghafla na mdomo ukaenda upande. Mzazi huwa amekwisha kupewa maelezo mengi kabla ya kufika kwangu, na neno kiharusi huwa amelisikia mwisho, tena kwa mashaka, kwa sababu wengi wetu tunakijua kiharusi kuwa ni ugonjwa wa wazee wenye presha na sukari.

Nikiuliza kama mtoto alikuwa anaumwa siku chache kabla ya hapo, jibu la kwanza huwa hapana. Nikiuliza kwa njia nyingine, kama alikuwa na kamasi, kikohozi au koo lililokuwa likimuuma, mama hutafakari kidogo kisha husema, "Alikuwa na mafua tu, lakini yalishakwisha." Ni mafua hayo yaliyokwisha ninayotaka kuyaandikia leo. Yana uzito katika historia ya mgonjwa, lakini kwa kuwa yalikuwa mepesi hakuna anayeyataja, na si kila anayempokea mtoto hukumbuka kuyaulizia.

Uhusiano kati ya maambukizi ya njia ya hewa na kiharusi cha watoto umechunguzwa kwa makini. Mwaka 2014 watafiti wa California walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za matibabu za watoto milioni 2.5 waliokuwa chini ya mfumo mmoja wa huduma za afya. Waliona kwamba hatari ya kiharusi ilijikusanya ndani ya siku 3 tangu mtoto alipopelekwa kwa daktari kwa maambukizi madogo, ikafikia takriban mara 12 ya hatari ya watoto wengine, kisha ikashuka haraka. Mwaka 2015 kundi la kimataifa lililoongozwa na Dk. Heather Fullerton wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilichapisha matokeo ya utafiti unaojulikana kwa kifupi kama VIPS, uliowalinganisha watoto 355 waliopata kiharusi cha kuziba kwa mshipa na watoto 354 wasiokipata. Asilimia 18 ya waliopata kiharusi walikuwa na maambukizi katika wiki iliyotangulia, ilhali kwa wenzao ilikuwa asilimia 3 tu, na maambukizi yaliyoongoza yalikuwa ya njia ya juu ya hewa, yaani haya haya tunayoyaita mafua. Jambo la pili katika utafiti huo, ambalo ningependa lisomwe mara mbili, ni kwamba watoto waliopata chanjo chache au wasiopata kabisa walikuwa na hatari ya mara 7 hivi ikilinganishwa na wale waliopata zote au karibu zote.

Kabla mzazi hajaanza kumkodolea macho mtoto kila anapopiga chafya, tupige hesabu. Katika nchi tajiri, ambako takwimu hizi zimekusanywa kwa muda mrefu, kiharusi cha kuziba kwa mshipa huwapata mtoto 1 au 2 kati ya 100,000 kwa mwaka, ukiwaacha kando watoto wachanga wa siku chache. Mtoto wa chekechea hupata mafua mara nyingi kwa mwaka, zaidi sana anapolala chumba kimoja na ndugu zake au anapokaa darasa lililojaa. Hata ukizidisha hatari mara 6, kwa ile tofauti ya asilimia 18 na 3, mtoto mwenye mafua wiki hii atakayepata kiharusi ni mmoja kati ya laki kadhaa. Mafua, kwa hiyo, hayastahili hofu, na mzazi anayekimbilia hospitali kubwa kwa sababu ya kamasi anaongeza foleni tu. Hata hivyo kila penye watoto milioni moja hesabu hiyo inatoa watoto 10 hadi 20 kwa mwaka, na jiji letu, lililohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5 katika sensa ya mwaka 2022, ni kubwa kiasi kwamba jambo la nadra halikosi nyumba ya kuingia.

Namna maambukizi yanavyofika kwenye ubongo haina siri kubwa. Mwili unapopambana na virusi, damu hubadilika tabia: chembe sahani, zile zinazoanzisha kuganda kwa damu, hushikamana kwa urahisi zaidi, protini za kugandisha damu huongezeka, na utando wa ndani wa mishipa, ambao kwa kawaida huiacha damu ipite bila kung'ang'ania, huvimba na kuanza kunata. Mtoto mwenye homa anayekataa kunywa hupungukiwa maji, na damu yake huwa nzito. Kama tayari ana upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma, hatari inapanda tena. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2007 uliwaona watoto wadogo waliokuwa wazima hapo awali wakikutwa na upungufu huo mara nyingi zaidi walipopata kiharusi kuliko wenzao wasiokipata, kwa kiwango cha mara 10 hivi. Mtoto anayeshinda kwa chai ya rangi na mkate, na ambaye mboga za majani na maharage huyaona kwa nadra, ni mtoto wa kupimwa wingi wa damu hata kama anacheza vizuri.

Kuna njia nyingine, yenye ukaidi zaidi. Kwa baadhi ya watoto, mshipa mmoja mkubwa wa ubongo, kwa kawaida wa upande mmoja tu, hupata uvimbe kwenye kuta zake na njia ya damu hubanwa. Virusi vya tetekuwanga vinajulikana kwa jambo hili, kwa kuwa baada ya upele kupona hubaki vimejificha kwenye mishipa ya fahamu, ukiwamo ule unaobeba hisia za uso na kutuma matawi hadi kwenye mishipa ya damu ya ubongo. Uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika miezi 6 baada ya tetekuwanga, hatari ya kiharusi kwa mtoto huwa takriban mara 4 ya kawaida. Hapa kwetu tetekuwanga huchukuliwa kuwa jando la kila mtoto; anaogeshwa maji ya mwarobaini, anazuiwa kujikuna, anarudi shule, na jambo linasahauliwa. Sina ugomvi na mwarobaini. Ninachoomba ni kwamba mtoto akilegea upande miezi mitatu baadaye, huo upele utajwe.

Mpaka hapa nimezungumzia watoto waliokuwa wazima. Kwa Dar es Salaam hiyo ni sehemu ndogo ya habari, kwa sababu huwezi kuzungumzia kiharusi cha mtoto katika nchi hii bila selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka nchini, idadi inayotuweka miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998, wakati kinga ya kiharusi ilikuwa bado haijaenea, ulionyesha kwamba asilimia 11 ya wenye selimundu ya aina ya SS, yaani waliorithi kasoro hiyo kwa wazazi wote wawili, walikuwa wamepata kiharusi kabla ya kufikia umri wa miaka 20. Ukiweka idadi hiyo pembeni ya mtoto 1 au 2 kati ya 100,000, utaona kwa nini swali langu la kwanza kwa mzazi, kabla hata ya mafua, ni kama mtoto amewahi kupimwa selimundu.

Na hapa mafua yanarudi kwa sura kali zaidi. Mtoto mwenye selimundu akipata maambukizi ya kifua, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kujikunja na kuziba mishipa midogo ndani ya mapafu yenyewe, oksijeni ikashuka, na kushuka huko kukazifanya chembe nyingi zaidi zijikunje. Hali hiyo inaweza kumwua mtoto kwa njia ya mapafu, na utafiti huohuo wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuipata ndani ya wiki 2 zilizopita kunaongeza hatari ya kiharusi. Kwa mtoto huyu kikohozi chenye homa, maumivu ya kifua au pumzi za haraka si jambo la kumaliza kwa dawa ya maji ya kikohozi kutoka duka la dawa la mtaani. Ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na bodaboda anataka bei ya usiku.

La kutia moyo ni kwamba kiharusi cha selimundu kinaweza kutabiriwa kwa kiasi ambacho hatukiwezi kwa watoto wengine. Kuna kipimo cha ultrasaundi kinachowekwa pembeni ya kichwa, karibu na sikio, ambacho hakichomi wala hakimtii mtoto dawa, na ambacho husoma kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, maana yake mshipa umebanwa na hatari ni kubwa. Jaribio la Marekani lililojulikana kama STOP, lililochapishwa mwaka 1998, lilionyesha kwamba watoto wa kundi hilo wakiongezewa damu kwa ratiba, viharusi vinapungua kwa asilimia 92. Kuongeza damu kila mwezi kwa miaka ni mzigo ambao benki zetu za damu haziwezi kuubeba kwa wote, ndiyo maana dawa ya haidroksiyurea imekuwa na umuhimu mkubwa Afrika. Hapa Tanzania utafiti wa SPHERE uliofanyika Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliwapima watoto kwa ultrasaundi hiyo na kuwapa haidroksiyurea wale ambao kasi yao ilikuwa imepanda, na kasi ikashuka. Jijini kwetu, Muhimbili imekuwa na mpango wa kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu ambaye hajawahi kusikia habari ya kipimo cha kasi ya damu ana haki ya kukiulizia kliniki, na asione haya kuuliza zaidi ya mara moja.

Nitaje pia mafindofindo kwa ufupi, kwa kuwa nayo ni maambukizi ya njia ya juu ya hewa yanayoweza kuishia kwenye ubongo kwa kuzunguka. Koo linaloumwa kwa sababu ya bakteria wa jamii ya streptokoka, lisipotibiwa vizuri, linaweza kufuatiwa na homa ya rumatiki, ambayo huharibu vali za moyo polepole. Damu huganda kwenye chumba cha moyo kilichotanuka, na kipande kikichomoka huenda kuziba mshipa wa ubongo. Hili huchukua miaka, na wagonjwa wake ni vijana na watoto wakubwa kuliko hawa wa chekechea.

Sasa nyumbani, mahali ambapo saa nyingi hupotea. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kwa mazoezi alinieleza bila kificho.

"Mwanangu, sisi tuliona kapitiwa na upepo. Siku ya kwanza tukamfukiza, ya pili tukampeleka kwa shehe akamsomea, ya tatu ndiyo tukaenda hospitali."

"Bibi, shehe angeweza kumsomea huko huko wodini."

"Kweli kabisa, mwanangu. Sasa nani alitwambia?"

Swali lake lilikuwa la haki. Sikuwa na haja ya kubishana naye kuhusu upepo, na nimejifunza kwamba anayeanza kwa kubisha hupoteza familia nzima kabla ya zoezi la kwanza. Dua na hospitali havigombani. Kinacholeta madhara ni mpangilio, kwa kuwa tishu ya ubongo iliyokosa damu haingoji siku ya tatu. Jambo linaloongeza utata ni kwamba kiharusi cha mtoto mdogo mara nyingi huanza kwa degedege, na degedege lina maelezo yake ya kale pwani yote hii, ya ndege wa usiku, ya mashetani, ya kumfukiza mtoto na kumkataza sindano. Familia inayoona degedege hufikiri imekwisha kuujua ugonjwa, na mkono usioinuka baada ya hapo huchukuliwa kuwa ni uchovu.

Kituo cha afya nacho kina mazoea yake. Mtoto mwenye homa hupimwa malaria kwanza, na hilo ni sahihi, maana malaria kali ya ubongo nayo inaweza kuleta degedege na kumwacha mtoto amelegea upande. Kasoro huja pale kipimo kinaposema hakuna malaria na mtoto akapewa dawa ya UTI, ugonjwa ambao katika jiji hili unaonekana kumpata kila mwenye homa isiyo na jina, kisha akarudishwa nyumbani bila mtu kumwambia ainue mikono yote miwili. Ni kweli pia kwamba mtoto aliyetoka kwenye degedege anaweza kulegea upande kwa saa kadhaa kisha akarudi sawa, kwa hiyo simlaumu muuguzi anayesema tusubiri kidogo. Lakini kusubiri huko kufanyike chini ya macho ya daktari, ulegevu ukikaguliwa tena na tena, na si kwenye kitanda cha nyumbani hadi kesho.

Neno ninalotaka mzazi aondoke nalo ni upande. Malaria ya kawaida, mafua, minyoo na njaa humlegeza mtoto mzima mzima. Kiharusi kwa kawaida humlegeza nusu, na humlegeza ghafla. Mwombe mtoto atabasamu na utazame kama pembe moja ya mdomo imebaki chini. Mwambie ainue mikono yote miwili na uone kama mmoja unashuka wenyewe. Mwambie ataje jina lake au aimbe wimbo wa shule, usikilize kama ulimi umekuwa mzito au maneno yamepotea. Kwa mtoto asiyejua bado kufuata maagizo, mpe biskuti kutokea upande unaoutilia shaka, umzuie kwa upole mkono wa pili, utazame kama mkono ule unaipokea. Kichwa kuuma kwa ghafla na kwa ukali usio wa kawaida, kuyumba anapotembea, au kutoona vizuri ghafla, nazo ni dalili za kuondoka nyumbani mara moja. Iwapo uso pekee ndio uliokwenda upande, na hata paji la uso na kope za upande huo hazisogei, huenda tatizo ni la mshipa wa fahamu wa uso na si la ubongo, lakini uamuzi huo ni wa daktari na haufanyiki kwa simu.

Ukiwa njiani usimpe chakula wala kinywaji, kwa sababu kumeza kunaweza kuwa kumeathirika na uji ukaishia kwenye mapafu. Usimpe aspirini kwa kuwa umesikia huyeyusha damu: kiharusi kingine ni cha kuvuja damu, na aspirini huko huongeza maafa, isitoshe, mtoto mwenye mafua makali au tetekuwanga akipewa aspirini bila usimamizi anaweza kupata ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Na ukifika mapokezi, maneno yako ya kwanza yaamue foleni. Mzazi anayesema "mtoto ana homa" atapewa namba na kuambiwa akae kwenye benchi. Mzazi anayesema "mtoto wangu amelegea upande wa kulia ghafla tangu saa mbili asubuhi, wiki iliyopita alikuwa na mafua, na hatujui kama ana selimundu" amekwisha kumpa daktari nusu ya kazi. Saa ya mwisho mtoto alipoonekana mzima ina thamani kubwa hasa, kwa kuwa maamuzi mengi ya matibabu huhesabiwa kuanzia hapo.

Hospitalini, kipimo cha kwanza huwa CT, picha ya ubongo ya eksirei na kompyuta, ambacho huonyesha haraka kama kuna damu iliyovuja. Katika saa za mwanzo za kiharusi cha kuziba, hata hivyo, picha ya CT inaweza kuonekana haina kasoro, na mzazi akaambiwa ubongo uko salama. Iwapo mkono bado haunyanyuki, ni halali kabisa kuuliza habari ya MRI, picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, na ya rufaa. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, zinazotumika kwa watu wazima, hazijathibitishwa kwa watoto. Jaribio la kuzipima kwao lilisimamishwa mwaka 2013 kwa kukosa watoto wa kutosha waliotimiza masharti. Kwa watoto wengi tiba ni kuulinda ubongo usiumie zaidi, kwa kushusha homa, kutunza sukari na maji mwilini, kudhibiti degedege, na aspirini kwa kipimo cha daktari pale inapofaa. Mwenye selimundu huhitaji damu kwa haraka.

Baada ya hapo ndipo huletwa kwetu. Watu hutuambia kwamba ubongo wa mtoto ni mwororo na utajirekebisha wenyewe, nami hulijibu hilo kwa tahadhari. Ni kweli kwamba mtoto hujifunza upya mambo ambayo mtu mzima asingeweza, lakini zaidi ya nusu ya waliopata kiharusi cha utotoni hubaki na upungufu fulani, wa mkono, wa lugha, wa umakini darasani au wa tabia. Mguu kwa kawaida hurudi kabla ya mkono, na mkono kabla ya vidole. Familia nyingi huacha mazoezi siku mtoto anapotembea, wakati ambapo kazi ya mkono ndiyo kwanza inaanza.

Katika mkono huo kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya kozi yetu havikulitaja. Mtoto aliyelegea upande wa kulia huanza kula kwa kushoto, na nyumbani, madrasa na kwenye sinia la pamoja kula kwa kushoto ni kukosa adabu. Nimeona mtoto aliyeacha kabisa kula mbele za watu kwa kuogopa kukemewa na shangazi ambaye hakuambiwa chochote. Na kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo, unaouongoza mkono wa kulia, ndio pia unaobeba lugha kwa watu wengi, mtoto huyohuyo huenda akawa amepoteza maneno, akaonekana jeuri kwa kunyamaza anapoitwa. Huwaomba wazazi wawaeleze mapema bibi, mwalimu na ustadhi, kwa kauli ya moja kwa moja, kwamba mkono wa kulia unaumwa na ulimi unajifunza upya. Kisha mkono wa kulia tunautafutia kazi isiyo na aibu. Kwa muda wa saa fulani za siku mkono mzima hufungwa kwa kanga au huvishwa soksi, na ule dhaifu hupewa kazi ya kukanda unga wa chapati, kuokota gololi na kuziweka kwenye kopo, kubandua ganda la chungwa lililokwisha kuanzishwa. Mbinu ya kuufunga mkono mzima imechunguzwa na inasaidia, mradi mtoto asichukie mchezo. Akichukia, tunafungua kanga na kujaribu siku nyingine.

Kuhusu kinga niseme machache kwa kuwa sehemu kubwa tunayo tayari bila malipo. Chanjo ya nimokoka, bakteria wanaoleta nimonia, ilianza kutolewa katika ratiba ya taifa mwanzoni mwa mwaka 2013, ile ya aina tano kwa pamoja ilianza mwaka 2009, na surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo husahauliwa, kwa kuwa mtoto amekwisha kuwa mkubwa na mama amerudi kwenye biashara yake. Chanjo za tetekuwanga na za mafua ya influenza hazimo katika ratiba ya kawaida ya taifa, na anayezitaka hulazimika kuzitafuta kwa gharama yake. Mtoto mwenye selimundu, pamoja na chanjo, hupewa penisilini kila siku hadi anapofika miaka 5.

Swali ambalo kila mzazi huniuliza, mara nyingi akiwa amesimama mlangoni kuondoka, ni kama mafua yajayo yataleta kiharusi kingine. Watafiti wa VIPS waliwafuatilia watoto wao na kuona kwamba asilimia 12 walipata kiharusi cha pili ndani ya mwaka mmoja, zaidi ya nusu yao ndani ya mwezi wa kwanza, na waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni wale ambao picha ilionyesha wazi kwamba mshipa wenyewe una ugonjwa. Kwa sababu hiyo miadi ya kurudia picha ya mishipa isikosekane hata kama mtoto anakimbia uwanjani, na aspirini iliyoandikwa isikatizwe kwa kuwa chupa imekwisha. Mafua yenyewe yatakuja, hasa majira ya kipupwe, na hutibiwa kama ya mtoto mwingine yeyote: maji ya kutosha, parasetamoli kwa homa, na macho ya mzazi kwenye pande zote mbili za mwili. Tofauti ni moja tu. Mtoto aliye kwenye aspirini ya kila siku, akipata mafua makali yenye homa ya juu au akikaa karibu na mwenye tetekuwanga, daktari wake apigiwe simu siku hiyo hiyo ili aamue kama dawa isimame kwa muda na kitu gani kishike nafasi yake.